Milango Mia Nne Themanini na Tisa

Vueni viatu hapa. Msiwe na hofu, haviibiwi;
Lakhnau huiba moyo kwanza.
Mimi Mujtaba, mtembezaji mwenye leseni,
shati limepigwa pasi, tochi inakata roho.
Tazameni juu: mita hamsini za dari,
halina boriti, halina nguzo katikati,
tofali limelishika tofali
kama ndugu waliodhaminiana deni.

Mwaka ule mvua ilikataa. Gomti ikakonda
hata mbuzi akavuka bila kulowa goti.
Nawabu hakugawa nafaka, aligawa kazi.
Mchana mafukara waliupandisha ukuta.
Usiku, husimuliwa, walikuja waungwana
kuubomoa: makarani, washairi, wenye majina marefu,
taa zimezimwa, nyuso wamezifunga vitambaa,
wapate ujira bila jirani kujua
kwamba kwao jiko lina siku tatu halijafuka.
Kweli, au wametia chumvi? Sikuwepo.
Mwenye njaa hana miiko, husema watu wa kwingine.
Hapa anayo. Hujifuta midomo mikavu
na kusema, "Ahsante, nimeshakula."

Sasa nyamazeni. Mwenzangu kule mwisho
anawasha kiberiti.
Mmesikia?
Ukuta huu haujui kutunza siri.

Mama yangu, Kaisar Jahan, alishona chikani
miaka arobaini na moja, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe:
mshono wa wavu, mshono wa mtama,
na ule mgumu, wa punje ya mchele.
Alipika wali wa uzi maisha yake yote.
Kanzu moja, siku kumi na mbili; Hazratganj
iliuzwa kwa bei ya baiskeli,
naye akalipwa bei ya kengele yake.
Kisha macho yakaanza kufunga duka,
moja kwanza, la pili likafuata kwa heshima.

Desemba, ukungu ulipowafukuza wageni,
nilimleta kwa bajaji. Hajawahi kuingia humu!
Nikajigamba: njia elfu na ushee, zote nazijua.
Ngazi ya tatu, tochi ikazima.
Nikakata kushoto, nikakata tena kushoto,
mlango, mlango, mlango, wote mapacha,
na jasho, mama, katika baridi ile.
Sikumwambia. Alijua.

Akatoa mkono kwenye shali, akaugusa ukuta
kama anayepima kazi ya mwanafunzi.
"Hapa mshono umenyooka," akasema.
Hatua kumi. "Hapa pamefumuliwa,
pakashonwa tena na mtu mwenye haraka."
Akacheka kidogo. "Waungwana wako hawa.
Mkono ulioona haya haubomoi vizuri."
Akaufuata mfumuo ule, kidole baada ya kidole,
nami nyuma, nimeshika pindo la shali
kama mtoto wa miaka minne sokoni,
mpaka upepo ukatupiga usoni. Paa.

"Unaona nini?" akaniuliza.
Nikamwambia: minara ya msikiti, nusu.
Lango la Rumi, taji lake tu.
Mto, kwa kukisia. Na kule ndani ya ukungu
ziko kuta zilizotobolewa na mizinga
mwaka wa maasi, hazijazibwa hadi leo.
"Waziache," akasema. "Tundu nalo ni mshono."

Chini, muuzaji alikuwa anaita povu la maziwa,
lile lililolazwa nje usiku kucha linywe umande,
likakolea zafarani, likiguswa na jua limekwisha.
Akataka kikombe. Tukafika kwenye ngazi.
"Wewe kwanza, mama."
"Wewe kwanza, mwanangu."
Ni ugonjwa wa mji huu, treni zimetuacha kwa sababu hiyo.
Tulisimama pale mpaka muuzaji akapita,
sauti yake ikapungua, ikapungua,
nao ukungu ukaanza kuwa mweupe kama kazi yake.

Amefariki Machi. Betri mpya sijanunua.
Haya, shikeni ukuta, mkono wa kulia.
Wewe, bibie mwenye kofia,
wewe kwanza.